Maswali ya Wasomaji: Bomba Limepasuka, Taa Imezimika, Nimweleze Nani?

Barua tulizopokea kutoka Tanga safari hii zimekuja kwa wingi baada ya masika, wakati ambapo mifereji hufurika, mashimo ya barabarani hujionyesha na nguzo zilizooza huanza kuinama. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa maombi yao, lakini tumebakiza mahali wanapoishi, kwa sababu katika habari ya bomba, taa au mfereji, mahali ndilo jambo la kwanza ambalo fundi atauliza.

Swali: Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa nyumbani ninayeishi Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba. Mbele ya nyumba yetu kuna matatizo matatu kwa wakati mmoja. Bomba la maji limepasuka chini ya ardhi na maji yanatiririka mchana na usiku. Taa ya barabarani iliyo karibu na duka imezimika tangu kabla ya Ramadhani, na watoto wanaotoka madrasa baada ya Isha wanapita gizani. Mfereji wa maji ya mvua umejaa mchanga na mifuko, hivyo ikinyesha maji yanaingia hadi barazani. Nilikwenda ofisi moja ya umma nikaeleza yote matatu. Kijana niliyemkuta alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema hayo si ya kwao. Nilipomuuliza ni ya nani, akaniambia niulize mtaani. Mtaani nikaambiwa kwamba limeshafikishwa. Miezi miwili imepita sasa. Nimweleze nani? *(Mama wa Ngamiani)*

Jibu: Dada yetu, pole kwa miezi hiyo miwili. Hukukosa bidii. Kilichotokea ni kwamba ulibeba kero tatu zenye wenyewe tofauti ukazifikisha kwenye mlango mmoja, na aliyekupokea, badala ya kukuandikia kwenye karatasi pale unapopaswa kwenda, akakuacha uondoke mikono mitupu. Adabu ni jambo jema, lakini mtumishi wa umma anayejua kwamba jambo si la ofisi yake ana wajibu wa kumwelekeza mwananchi panapohusika. Tuzichukue kero zako moja moja.

Bomba ni la Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, ambayo wengi wetu tunaiita Tanga UWASA. Mpaka wa wajibu wake ni mita: bomba lote linalokuja hadi kwenye mita, pamoja na mita yenyewe, ni jukumu la mamlaka, na kuanzia mita kuingia ndani ya nyumba ni jukumu la mteja. Kwa kuwa bomba hilo limepasukia barabarani, hupaswi kulipia matengenezo wala kumtafuta fundi wa mtaani alifunge kwa mpira wa baiskeli. Wala hasara yake si ya maji peke yake. Maji yale yametoka Bwawa la Mabayani, kwenye Mto Zigi, yakasafishwa na kutiwa dawa kwa gharama kabla ya kufika Ngamiani. Lakini lililo zito zaidi ni kwamba bomba lenye ufa hutoa maji presha ikiwapo, na presha ikishuka au maji yakikatwa, ufa huohuo hufyonza tope na uchafu ulio pembeni yake na kuuingiza katika maji ambayo majirani watayanywa yakirudi. Kwa hiyo, ikiwa bomba limepasuka karibu na mfereji mchafu au shimo la choo, litaje hilo katika taarifa yako mstari wa kwanza, kwa maana linaugeuza upotevu wa maji kuwa hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo.

Taa ya barabarani ndiyo inayowachanganya watu wengi. Mtu akiona taa imezimika hukimbilia TANESCO, na mara nyingi hurudi bila jibu, kwa sababu shirika hilo linamiliki nguzo na nyaya zinazopeleka umeme majumbani, ilhali taa inayomulika barabara huwa chini ya mwenye barabara. Barabara za mitaa ya jiji ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa, kama ile inayotoka Segera, ile inayokwenda Horohoro na ile ya Pangani, ziko chini ya TANROADS. Kabla hujakwenda popote, simama nje usiku utazame. Ikiwa taa moja tu imezimika na wenzake zinawaka, ubovu uko kwenye taa yenyewe au kwenye nguzo yake. Ikiwa mstari mzima umezimika na nyumba zina umeme, ubovu uko kwenye njia au swichi ya taa hizo. Ikiwa na nyumba nazo ziko gizani, hapo ndipo pa TANESCO. Maelezo hayo ya dakika tano yanamwokolea fundi safari ya kwanza, ile ambayo huja kutazama tu kisha akaondoka kutafuta kifaa.

Mfereji una wenyewe wawili, na hapa ndipo wananchi wanapozungushwa zaidi. Mfereji wa pembeni mwa barabara ya mtaa ni sehemu ya barabara, kwa hiyo kuujenga, kuuzibua na kuutengeneza ukibomoka ni kazi ya TARURA. Taka ngumu, kwa upande mwingine, ni wajibu wa Halmashauri ya Jiji kupitia idara inayoshughulikia usafi. Mchanga wako una mlango mmoja na mifuko yako ina mlango mwingine. Dawa yake ni kuandika barua moja, ukaipeleka kwa wote wawili, na katika kila nakala ukataja kwamba mwenzake ameandikiwa pia, ili asipatikane wa kusema alidhani mwenzake analishughulikia. Niseme na jambo ambalo halitawapendeza majirani zako: mifuko ile haikutoka mbinguni. Anayefagia uwanja wake asubuhi na kuisukumia taka mferejini anamwingizia jirani yake maji barazani, na hilo mtendaji wa mtaa ana uwezo wa kulishughulikia bila kusubiri ofisi yoyote ya juu.

Sasa tuje kwenye neno uliloambiwa mtaani, kwamba jambo limeshafikishwa. Rudi uulize kwa upole: limefikishwa kwa nani, tarehe gani, kwa barua au kwa mdomo, na limepewa namba gani? Ikiwa hakuna jibu hata moja, basi kilichofanyika ni mazungumzo, na mazungumzo hayana faili. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa nanyi, lakini Afisa Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa, na kazi ya kuandika, kutunza kumbukumbu na kupeleka barua ni yake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndiyo maana sishauri mtu aruke ofisi ya mtaa aende moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya. Muhuri wa mtaa juu ya barua yako unaonyesha kwamba jambo linajulikana na halikutungwa.

Barua yenyewe haihitaji ufasaha mwingi. Andika hivi: "Mimi ni mkazi wa Barabara ya namba hii, nyumba yenye namba hii, kata hii. Tangu tarehe hii, bomba la maji limepasuka katikati ya barabara, hatua kumi kutoka lango la msikiti kuelekea baharini. Maji yanatoka mfululizo na yanapita kando ya shimo la choo. Naomba litengenezwe, na naomba nijulishwe namba ya taarifa hii." Weka jina, simu, sahihi na tarehe. Toa nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako. Ninyi wa Ngamiani mna bahati kwamba barabara zenu zina namba tangu zamani, lakini namba peke yake haitoshi, kwani barabara ni ndefu. Taja na alama iliyo karibu. Kwa mitaa isiyo na namba za zamani, tumieni anwani za makazi zilizowekwa katika operesheni ya mwaka 2022, ile iliyoleta vibao vya majina ya barabara na namba za nyumba. Wengi walidhani vile vibao ni vya sensa tu, kumbe kazi kama hii ndiyo mojawapo ya zilizokusudiwa.

Ukipiga simu badala ya kuandika, usikate simu kabla ya kupewa namba ya taarifa na jina la aliyekupokea. Yaandike palepale, hata ukutani kwa mkaa kama kalamu haipo karibu.

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mstaafu, naishi Chumbageni. Chemba iliyo nyuma ya nyumba yetu inafurika majitaka kila baada ya siku chache, na harufu imetufanya tufunge madirisha. Jirani anasema hiyo ni kazi ya jiji, mwanangu anasema ni ya mamlaka ya maji. Isitoshe, bili yangu ya maji imepanda ghafla ilhali tuko wawili tu nyumbani. Nimelalamika dirishani, nikaambiwa mita haidanganyi. *(Mzee wa Chumbageni)*

Jibu: Wa alaykumu salaam, mzee wetu, na shikamoo. Mwanao yuko sahihi. Majitaka yanayopita kwenye bomba la chini ya ardhi na chemba zake ni ya mamlaka ya maji, na ndiyo maana jina lake lina maneno "Usafi wa Mazingira". Mfereji ulio wazi wa maji ya mvua ndio usiokuwa wake. Hakikisha kwanza kwamba chemba hiyo ni ya mtandao wa mji na si ya shimo la nyumba yenu, kwa kuwa shimo la nyumba, likijaa, ni la mwenye nyumba kuita gari la majitaka lilinyonye. Kama chemba za majirani nazo zimepanda, hilo ni la mtandao.

Kuhusu bili, naomba ufanye jaribio moja usiku kabla ya kulala. Funga mabomba yote, andika tarakimu za mita, na mtu yeyote asifungue maji hadi alfajiri. Ikiwa tarakimu zimesogea, una uvujaji kuanzia mita kuingia ndani ya nyumba, na maji hayo, kwa bahati mbaya, ni yako kuyalipia. Mara nyingi huwa ni tangi la choo linalotiririka kimyakimya bila mtu kulisikia. Ikiwa hazikusogea na bado bili ni kubwa, omba kwa maandishi mita ipimwe na usomaji wa miezi iliyopita uhakikiwe. Jibu la kwamba mita haidanganyi si jibu la kitaalamu, maana mita ni chombo, na chombo chochote huweza kuharibika.

Mamlaka isipokujibu, au ikikujibu usiporidhika, una haki ya kupeleka lalamiko EWURA, ambayo ndiyo msimamizi wa huduma za maji na nishati. Sharti lake ni kwamba uwe umeanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na hapo ndipo nakala yako yenye muhuri inapokuwa na thamani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, linalojulikana kama EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumtetea mtumiaji na kumsaidia kuliandaa lalamiko lake. Njia hiyohiyo inafuatwa kwa malalamiko ya umeme.

Swali: Mimi ni kijana wa bodaboda, kituo chetu kiko Nguvumali. Kuna shimo limetuangushia wenzetu wawili. Tumepiga picha, tumeirusha kwenye kundi la WhatsApp ambalo hata diwani yumo, watu wameweka alama za masikitiko, basi. Je, tukichanga tukalijaza wenyewe kwa vifusi, tutakuwa tumekosea? *(Dereva wa Nguvumali)*

Jibu: Kijana wetu, poleni na wenzenu. Picha kwenye kundi si taarifa. Diwani anaweza kuwa ameiona kati ya ujumbe mia mbili wa siku hiyo, naye hana faili la kuitunzia. Ichukue picha hiyohiyo, ambatanisha na barua kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, na utaje ajali mbili zilizotokea pamoja na tarehe zake. Ajali ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha kwamba mwenye barabara alijulishwa hatari iliyopo. Picha ipigwe mara mbili: moja ya karibu, yenye kitu cha kulinganishia ukubwa kama kofia ya pikipiki, na moja ya mbali inayoonyesha duka au nguzo ili mahali patambulike.

Kujaza vifusi kunatokana na nia njema, nami nimeona vijana wakifanya hivyo bila malipo juani, jambo la kuheshimiwa. Lakini vifusi vya matofali vilivyomwagwa bila kushindiliwa husambaa kwa mvua ya kwanza, huziba mfereji, na kokoto zake huteleza chini ya tairi la pikipiki kuliko shimo lenyewe. Isitoshe, barabara na hifadhi yake zina mwenyewe kisheria. Wekeni alama ya tahadhari inayoonekana usiku, pelekeni barua, na mkitaka kujitolea nguvu kazi, liandikeni hilo katika barua ili mhandisi awaelekeze.

Mfahamu pia tofauti ambayo ofisi huitumia bila kuwaeleza wananchi. Kuziba shimo ni matengenezo, na fedha za matengenezo ya barabara hutoka katika Mfuko wa Barabara, unaopata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na tozo ya mafuta. Kila mnapojaza petroli, mnachangia. Kujenga mfereji mpya au kuweka lami mahali pasipokuwa na lami ni mradi, na mradi lazima uingie katika mpango na bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Anayeomba mradi mwezi wa Mei kwa matumaini ya kuuona Juni atavunjika moyo bure. Ombi kama hilo lipitie mkutano wa mtaa, liingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, mapema kabla bajeti haijafungwa. Lakini shimo linaloangusha watu si mradi. Msikubali kuambiwa msubiri bajeti.

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Nasoma lawama dhidi yetu kila siku. Watu hunisimamisha sokoni, msikitini, hata msibani, wakanieleza kero. Nikifika nyumbani nimesahau nusu. Nifanyeje? *(Mwenyekiti, Kata ya Mabawa)*

Jibu: Mheshimiwa mwenyekiti, tunakushukuru kwa ukweli wako. Nunua daftari la kaunta, lichore safu: tarehe, jina na simu ya mtoa taarifa, mahali, tatizo, mwenye jukumu, tarehe ya kupeleka, namba iliyotolewa, na tarehe lilipokwisha. Liache ofisini kwa mtendaji, na yeyote atakayekusimamisha sokoni umwombe aje aliandike au amtume mtoto wake. Mkutano wa mtaa ukifika, soma mbele ya watu mistari ambayo safu ya mwisho bado iko tupu. Utashangaa jinsi lawama zinavyogeuka kuwa msaada pale wananchi wanapoona kwamba mwenyekiti wao amepeleka barua tatu na ofisi ndiyo iliyonyamaza.

Daftari hilo litakupa na nguvu nyingine. Taarifa kumi za bomba moja kupasuka mahali palepale si taarifa za uvujaji, ni ushahidi kwamba bomba limechakaa na linapaswa kubadilishwa, na diwani akiingia nao katika Baraza la Madiwani atakuwa na la kusema. Ukihitaji kujua ni barabara zipi za mtaa wako zimo katika mpango wa mwaka huu, mwananchi yeyote anaweza kuomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi; basi kuuliza si utovu wa nidhamu.

Swali: Naishi Pongwe, ni mwalimu. Waya wa umeme umelegea hadi mtu mrefu anaweza kuugusa. Nilipotoa taarifa, mtu aliyejitambulisha kuwa fundi aliniomba hela ya mafuta ili gari lije. Nimpe? *(Mwalimu wa Pongwe)*

Jibu: Usimpe, mwalimu. Kurekebisha waya wa mtandao hakulipiwi na anayetoa taarifa. Malipo yoyote halali kwa taasisi ya umma hupitia namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, na hutolewa risiti; hayaingii mfukoni mwa mtu wala kwenye simu yake. Muulize jina, kituo chake cha kazi na kitambulisho, kisha ipigie TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo haina malipo. Mfumo wa serikali wa e-Mrejesho nao unapokea malalamiko ya aina hii, na mwenye simu ndogo anaufikia kwa kupiga *152*00#.

Lakini hayo yasubiri saa moja. Kwanza rudi kuitoa taarifa yenyewe kwa TANESCO, na utamke wazi kwamba ni dharura ya usalama, si kukatika kwa umeme, kwa sababu dharura hupangwa mbele ya foleni. Taja namba iliyo kwenye nguzo iliyo karibu. Wakati mnasubiri, zibeni njia kwa matawi au kamba mbali na waya, na watoto wa shule wazungushwe njia nyingine hata kama ni ndefu. Asiwepo wa kuuinua kwa mti, maana mti mbichi au uliolowa hupitisha umeme. Waya ukianguka chini, msiukaribie hata kama umetulia na hautoi cheche, na kama umewasha moto piga 114 kuwaita Zimamoto, wala msimwage maji juu yake.